Coaster ya kulala Kitulo: jenereta ya gesi au ya dizeli?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi na mke wangu tupo Uyole, Mbeya. Tumenunua Coaster ya zamani yenye injini ya 1HZ, tumeng'oa viti na tunaitengeneza iwe gari la kulala: vitanda vinne, jiko, friji na bafu dogo lenye shawa ya moto ya umeme. Tunataka kupeleka wageni Kitulo msimu wa maua, Matema na Ruaha. Mtandaoni nimeona Wamarekani wengi wanafunga jenereta ya propani kwenye mabasi yao, wanasema haina moshi wala kelele nyingi, na kuna mtu yuko tayari kuniletea moja iliyotumika. Fundi mmoja hapa ananiambia nichukue ya dizeli ya kVA 10. Mwingine anasema anaweza kuigeuza jenereta yangu ya petroli ya nyumbani itumie gesi. Nishike lipi?"

Marahaba, ndugu yangu. Shika dizeli, lakini isiwe ya kVA 10. Ya kVA 5 itakutosha ukitoa kitu kimoja bafuni, nitakifikia. Gesi iache jikoni, huko inafanya kazi nzuri kuliko umeme wowote. Hiyo ya kutoka Marekani mshukuru mwenye nayo na usiichukue, hata akikuuzia kwa bei ya kutupa.

Neno "propani" ndilo linalowapoteza wengi. Mmarekani akisema propani anamaanisha propani hasa: gesi ya kawaida inayouzwa kwao lazima iwe na propani asilimia 90 au zaidi. Propani hugeuka mvuke hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ndiyo maana mtu wao analala kwenye theluji na jenereta inaunguruma. Mtungi unaonunua wewe Mwanjelwa una mchanganyiko wa propani na butani, na butani inaacha kugeuka mvuke ikikaribia nyuzi sifuri. Dar es Salaam hilo halimsumbui mtu. Kitulo, kwenye mita 2,600 na ushee kutoka usawa wa bahari, Juni na Julai sakitu hulala juu ya nyasi hadi jua lichomoze, na hata msimu wa maua, Desemba mpaka Aprili, usiku unavaa makoti mawili.

Tena tatizo si baridi ya nje tu. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na ili igeuke mvuke inahitaji joto. Joto hilo inalichukua kwenye kimiminika chenyewe na kwenye chuma cha mtungi. Jiko la plati mbili linavuta kidogo, mtungi unawahi kujipasha kwa hewa ya nje. Jenereta ya kVA 5 ikiwa nusu ya mzigo inakula karibu kilo moja ya gesi kwa saa, saa zote bila kupumzika. Mtungi mmoja wa kilo 15 hauwezi kutoa mvuke kwa kasi hiyo penye baridi, na kadiri unavyopungua ndivyo unavyozidi kushindwa, kwa sababu kimiminika kilichobaki kinagusa sehemu ndogo ya chuma.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Mwaka fulani, mwezi wa saba, niliitwa niwafungie umeme watu waliopiga kambi juu ya Kitulo, na walikuja na jenereta ya gesi. Saa moja jioni iliwaka vizuri, kila mtu akafurahi. Saa mbili na nusu ikaanza kupumua: mlio unapanda, unashuka, unapanda, na taa zinafuata, zinang'aa na kufifia. Nikaenda na tochi. Mtungi ulikuwa umeshika barafu nyeupe kuanzia kitakoni hadi usawa wa gesi iliyobaki, mstari umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Ukiugusa, kidole kinanata. Ndani kulikuwa bado na zaidi ya nusu ya gesi, lakini haitoki. Mmoja akaleta sufuria ya maji ya uvuguvugu akaumwagia, jenereta ikapata nguvu kama dakika kumi, kisha ikazimika. Usiku ule chakula kililiwa kwa mwanga wa simu. Kuna mtu alitaka kusogeza jiko la mkaa karibu na mtungi ili uupashe; nilimshika mkono. Ninakuomba na wewe, hata siku moja usiupashe mtungi wa gesi kwa moto.

Unaweza kuniambia utafunga mitungi mitatu sambamba. Itasaidia, ndiyo, maana kila mmoja utatoa theluthi tu. Lakini mtungi wa kilo 15 ukijaa unakaribia kilo 30 pamoja na chuma chake, na mitatu utaiweka wapi kwenye Coaster? Na gesi ikiisha Makete, duka la kijijini huenda lina mitungi ya kilo 6 tu, au lina ya kampuni nyingine wasiyokubali kubadilishana na yako. Dizeli unayo tayari ndani ya tangi la gari. Basi linalotembea kwa dizeli likibeba jenereta ya dizeli linabeba mafuta ya aina moja, na fundi wa barabarani anazifahamu injini zote mbili.

Sasa hiyo ya Marekani. Weka kando gesi, tuseme hata ingekuwa ya dizeli. Umeme wa kwao ni volti 120 na hezi 60, wetu ni volti 230 na hezi 50. Volti unaweza kuzibadilisha kwa transfoma kubwa na nzito. Hezi zinatoka kwenye mzunguko wa injini: ya kwao inazunguka mara 3,600 au 1,800 kwa dakika, ya kwetu mara 3,000 au 1,500. Mtu atakuambia anapunguza gavana tu, yaani kile kifaa kinachoshika mwendo wa injini. Akipunguza, volti nazo zinashuka, kirekebisha volti kinahangaika, na feni ya kupoza injini inazunguka polepole kuliko alivyokusudia aliyeiunda. Ikiharibika kibao cha elektroniki, hata Kariakoo utazunguka wiki nzima.

Na ya petroli kugeuzwa gesi? Kifaa hicho kipo na kinafanya kazi, sikubishii. Nimekifunga kwa mama lishe, kwa wenye saluni, na wanakipenda: oili inakaa safi muda mrefu, kabureta haigandi mafuta ya zamani, petroli haimwagiki. Lakini injini ya petroli ikila gesi inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake. Kisha panda nayo juu. Injini isiyo na turbo, ile pampu ya kuisukumia hewa, inapoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari, wengine huhesabu zaidi kidogo. Jenereta yako ikiwa ya kilowati 2.5, gesi inaiacha na 2.25, Kitulo inaiacha na kama 1.7. Hapo mtungi bado haujaanza kuganda.

Hesabu hiyo ya mwinuko inaihusu dizeli pia, wala nisikufiche. Coaster yako yenyewe utaisikia inavyohema ukikata kona pale Isyonje na kuanza kupanda kuelekea Kitulo. 1HZ haina turbo, na jenereta ndogo za dizeli karibu zote hazina. Jenereta ya kVA 5 ni kilowati 4 ikiwa pwani. Mbeya mjini, mita 1,700, hesabu 3.3. Kitulo hesabu 3 pungufu kidogo. Fundi wako wa kVA 10 pengine alilifikiria hilo, na ninaamini alikutakia mema. Lakini nadhani kilichomfikisha kwenye 10 ni shawa yako.

Shawa ya moto ya umeme inakula kilowati 3.5 hadi 5.5 peke yake. Ukiitoa, gari lako zima halifiki kilowati 3 hata birika likiwa linachemka. Ukiiacha, utabeba jenereta kubwa safari nzima kwa ajili ya dakika ishirini za kuoga, na saa nyingine zote itakuwa ikisukuma friji na taa. Hapo ndipo dizeli inapokufa. Injini ya dizeli haipendi kazi nyepesi. Ikikaa chini ya theluthi ya uwezo wake kwa masaa, haipati joto la kutosha, mafuta hayaungui yote, na masizi yanachanganyika na oili. Utaona maji mazito meusi yanavuja kwenye kiungo cha bomba la moshi, kama lami iliyopata jua, na ukiipiga stata asubuhi inatoa moshi mweupe unaowasha macho. Jenereta za kVA 10 nilizozifungua zikiwa na saa chache tu kwenye mita lakini valvu zimejaa masizi ni nyingi, na karibu zote zilikuwa zikiwasha taa na televisheni.

Maji ya kuoga yapashe kwa gesi. Kuna hita ndogo za gesi za ukutani; yako ifungwe nje, nyuma ya gari, na bomba lake la moshi litoke nje moja kwa moja. Isifungwe ndani ya bafu, nakusihi. Inavuta gesi dakika chache kisha inazima, hivyo mtungi haupati nafasi ya kuganda.

Ukishafanya hivyo, acha kuifikiria jenereta kama kitu cha kuwasha taa. Ifikirie kama chaja. Nakupa hesabu ninayoitumia mwenyewe. Friji ya kompresa ya volti 12 au 24, taa, pampu ya maji, simu na kompyuta za wageni, birika mara chache: kwa siku inakuja kama yuniti 3, yuniti zilezile unazonunua kwenye LUKU. Funga betri za lithiamu za volti 24 na ampea-saa 200, zinabeba yuniti 5. Chaja ya ampea 60 inarudisha yuniti 3 na zaidi ndani ya saa mbili, na inaitwisha jenereta karibu kilowati 2. Kwa jenereta yenye kilowati 3 pale Kitulo, hiyo ni theluthi mbili ya uwezo, mahali ambapo dizeli inaungua vizuri kabisa. Unawasha saa kumi na moja jioni mkiwa mnapika, saa moja unazima, na usiku mzima gari liko kimya. Lita mbili tatu zimekwisha, basi. Ukiwa na paneli za sola za wati 600 juu ya paa, Ruaha kiangazi huenda usiiwashe kabisa; Kitulo na Tukuyu wakati wa ukungu paneli zitakupa kidogo, na hapo ndipo jenereta inapolipa gharama yake. Betri ziweke ndani, chini ya kitanda, maana lithiamu ikichajiwa chini ya nyuzi sifuri inaharibika.

Ukienda dukani utaonyeshwa aina mbili za dizeli za kVA 5. Ya mizunguko 3,000, inayopozwa kwa hewa, ni nyepesi na bei yake ni rahisi, hata ile iliyofungiwa kwenye sanduku la "kimya". Ya mizunguko 1,500, inayopozwa kwa maji, inapita kilo 200, bei inauma, lakini inaunguruma chini kwa chini na inaishi miaka mingi. Kwa saa mbili kwa siku mimi ningechukua ya 3,000 na kutumia pesa iliyobaki kwenye betri na kuzuia kelele. Kama mngekuwa mnaikodisha kwa wapiga picha wanaohitaji umeme mchana kutwa, ningekuambia kinyume. Hakikisha ina hita plagi au njia nyingine ya kuisaidia kuwaka kwenye baridi, na ina mita ya saa. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20, halafu kila saa 100, na usipitishe saa hizo hata siku moja.

Mafuta yavute kwenye tangi la gari, ila kwa paipu yake yenyewe, usiikate ya injini ukaweka kiungo. Na hiyo paipu ya jenereta isifike chini ya tangi; ikatwe iishie kwenye usawa wa robo. Jenereta ikimaliza mafuta yake itazima, na wewe bado utakuwa na robo tangi ya kukutoa Kitulo hadi Uyole. Weka pia filta ya kutenganisha maji, kwa sababu siku utakaponunua dizeli ya kwenye vidumu kijijini, maji utayapata.

Sasa hili ndilo ninalotaka ulisome mara mbili, wewe na mama. Moshi wa injini, iwe ya gesi, ya petroli au ya dizeli, una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, kaboni monoksaidi, ileile inayoua watu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani wakati wa baridi. Sisi wa nyanda za juu tunaijua misiba hiyo. Gesi na petroli zinaitoa kwa wingi kuliko dizeli, lakini ya dizeli nayo haifai kuvutwa. Coaster yenye madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi, watu wanne wamelala, ni chumba kidogo sana. Kwa hiyo jenereta ikae nje ya bodi, kwenye kizimba cha chuma kilichofungwa kwenye chesisi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, upande wa kulia. Mlango wa abiria uko kushoto, na wageni watakaa kushoto, moto na viti viko kushoto. Bomba la moshi lipite kabisa ukingo wa bodi, lisiishie chini ya sakafu, lisiwe chini ya dirisha linalofunguka. Kila tundu la nyaya na mabomba linaloingia ndani lizibwe kwa silikoni inayostahimili joto. Funga king'ora cha kaboni monoksaidi usawa wa vitanda na kijaribu kila safari. Na usiku, watu wakishalala, jenereta haiwaki. Kama betri zimeisha saa nane usiku, taa zitazimika, watu watasubiri asubuhi.

Mtungi wako wa jikoni nao uwe na sanduku lake, mlango wake unafungukia nje tu, na chini yake kuna tundu lililo wazi kuelekea ardhini. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani inatambaa sakafuni kama maji na kutuama chini ya vitanda, na inatosha ifikie asilimia 2 hivi ya hewa ili cheche moja iiwashe.

Umeme wa ndani mpe fundi anayejua kazi ya magari. Chenjiova, swichi ya kuchagua umeme mmoja tu, iwepo kati ya jenereta na umeme wa TANESCO utakaochomeka ukiwa kambini, visikutane kamwe. Na kikata umeme cha miliampea 30, kile kinachozima umeme ukivuja, kiwepo, kwa sababu gari linasimama juu ya raba, na mtu aliyetoka kuoga akikanyaga nyasi mbichi huku ameshika bodi yenye hitilafu anakuwa yeye ndiye waya wa ardhi.

Gesi ningekuchagulia wakati gani? Kama ungeniambia basi litaegeshwa Kyela au Matema, karibu na ziwa, mita mia nne na kitu hadi mia tano kutoka usawa wa bahari, joto mwaka mzima, liuze chakula mchana na duka la gesi liko hatua hamsini. Hapo jenereta ya gesi ingekupa utulivu ambao dizeli haiwezi, na nisingesita. Safari yako ni nyingine.

Kabla hujalipa pesa ya mwisho, mwambie muuzaji mnapanda nayo juu. Ipakieni kwenye pikapu hadi Isyonje, asubuhi mapema kabla jua halijapata nguvu, iwe imelala baridi. Ipige stata: ikikataa zaidi ya mara tatu, uliza kwa nini. Ikishawaka, itwishe birika mbili za umeme, kila moja wati 1,000, uiache saa nzima, ukijaza maji yanapopungua. Voltimita ikae kati ya 220 na 240, na hezi zisishuke chini ya 49. Moshi mwembamba wa kijivu mwanzoni si kitu. Ikitoa moshi mweusi saa nzima, nozeli au pampu haijarekebishwa kwa mwinuko huu, na hiyo kazi aifanye muuzaji kabla ya pesa yako haijabadilisha mkono.